Funga Kitabu, Nieleze Figo

Bogna, hiyo kalamu ya njano imekwisha wino
na kitabu kizima kinang'aa kama koti la fundi wa reli.
Ukurasa wa mia moja na arobaini hauna neno
lisilopakwa rangi. Nikuulize basi:
lipi la muhimu, ikiwa yote yanawaka?

Unanitazama vile binti wa miaka kumi na minane
anavyomtazama mama aliyerudi kazini saa saba usiku,
sare mwilini, viatu mkononi,
theluji ya Szczecin ikimyeyukia zuliani.
"Mama, wewe hujui biolojia."

Kweli, sijui.
Masomo yangu yaliishia kwenye hesabu, Mei moja ya zamani.
Nilikesha usiku wa mwisho nikimeza kurasa,
asubuhi namba zikanitawanyika
kama vifaranga waliokiona kivuli cha mwewe.
Ila njia namba saba naijua,
na sikuijua kwa kukodolea ramani.
Bwana Zenon, aliyenifundisha tramu,
aliikunja ile ramani, akaikalia.
"Endesha. Kituo kinachofuata?"
Nikakosea. Akacheka hadi akakohoa.
Kituo kile nilichokosea
ndicho nitakachokitaja hata usingizini.

Kwa hiyo funga kitabu. Nieleze figo.

Unaguna. Unaanza: damu inaingia, inapita...
unakwama, mdomo wazi.
"Lakini nilikuwa naijua!"
Uliijua kwa macho, mwanangu.
Macho ni mashahidi wepesi wa kuapa:
wakiona sura waliyoizoea, husema, huyu tunamfahamu.
Waulize jina lake.

Basi Machi yote tukakata maboksi ya nafaka kuwa kadi.
Uliyoijibu ilikwenda kulala kwenye kopo la biskuti hadi Jumapili;
iliyokushinda ilirudi kando ya birika,
ukutane nayo kesho kabla ya chai.
Kopo likaanza kujaa.
Nami nikalewa.
Nikakuuliza ukipiga mswaki, ukifunga kamba za viatu,
nikakuuliza mlangoni pa choo:
enzaimu gani? kwa nini? endelea!
Ukafungua mlango, uso umelowa.
"Mimi si tramu yako!"

Nilikaa jikoni peke yangu na kadi zangu.
Hakuna kadi iliyokuwa na jibu la hilo.

Jumamosi hatukugusa kitabu.
Tulikwenda kwenye kile kibanda cha karibu na mto,
tukala maandazi ya nyama na supu ya bitiruti,
ukanisimulia habari za kijana fulani Dobromir
na pikipiki yake isiyowaka.
Nilinyamaza. Lilikuwa somo gumu.
Kisha, tukirudi, hakuna aliyekuuliza:
"Unajua, Mama, figo haichagui cha kutupa.
Kwanza inachuja na kuachilia karibu kila kitu, maji, sukari, chumvi,
halafu inarudisha kimoja kimoja
kile ambacho mwili hauwezi kuishi bila hicho."
Ulisema ukipiga jiwe teke.
Wala hukujua kwamba umesema.

Mei ikaja, miti ya chestinati ikachanua
kama kila mwaka inavyowachanulia watahiniwa.
Bibi yako akatuma chupi nyekundu ya bahati kwa posta.
Ulicheka, ukaivaa.
Usiku ule nilichukua taa na simu yako saa nne.
Ukabisha kidogo tu. Ukalala.

Asubuhi nilikuwa zamu.
Nilipopita mbele ya shule yako, madirisha yote yamefungwa,
nilipiga kengele mara moja, kinyume cha kanuni.
Mzee mmoja aliyekaa nyuma yangu akashtuka:
"Kuna nini relini?"
Nikamjibu, "Figo."