Ritifaa

Jana usiku tulibadilisha ganda la amri kwenye kompyuta ya zahanati.
La zamani, aliloliacha Byamungu
alipohamia Uvira na ufunguo wa kabati mfukoni,
lilichakaa lakini lilituelewa:
ukisema nusu, lenyewe linamalizia.

Jipya liliingia saa nane za usiku kwa modemu ya kuazima,
umeme ukiwa umerudi kama mgeni
asiyetaka kuvua koti.
Halafu kimya. Halafu: tayari.

Asubuhi orodha ya Kadutu haikutoka.
Ilifika jina la arobaini na moja
ikasimama, kialama kikimemeta,
kama mtu aliyefunguliwa mlango asiambiwe karibu.

Jina la arobaini na moja ni Faida M'Rutega.
Amekaa benchi la mbele, mtoto mgongoni,
viatu vina matope ya mteremko wote.

Nimesoma mistari mia tatu ya Byamungu.
Maelezo ni mamoja tu: *usiguse hapa, inatembea.*
Nikagusa. Nikaona.
Ndani ya mabano yale ganda la zamani
liliipita ritifaa bila kuisalimu.
Jipya linaiona. Jipya lina adabu za shule:
alama ikifunguka, linangoja ifungwe,
litangoja hata Ruzizi igeuke irudi ziwani.

Ritifaa tu! Ile ile ya ng'ombe, ya ng'ambo.

Daktari Mushagalusa akachungulia:
"Si uondoe tu hako kadoti? Andika Mrutega, tuendelee."
Nikamwambia hako kadoti ndiko baba yake.

Lipo neno moja la kuliambia ganda jipya
lijifanye la zamani. Nililiandika.
Nikalitazama. Ganda la muwa la jana,
na mimi ndiye chungu, naona kivuno.
Nikalifuta, nikashuka mstari kwa mstari,
na mbele ya kila ritifaa nikaweka kijiti cha mshazari,
kama jiwe nyuma ya gurudumu
lori linapozimika kwenye mlima.

Saa nne na robo. Karatasi inatoka, ya moto, imepinda.
Bado mafaili kumi na tisa sijayafungua,
na sijui Byamungu alificha nini humo.

"Faida M'Rutega," naita,
napumzika kidogo pale kwenye alama.
Mtoto ndiye anayeitika.