Taarifa ya Hali

Kazi: haina jina. Mbao tatu nyembamba
za kasha la chai, zimeungwa kwa misumari ya viatu.
Nyuma, maandishi ya bandarini, kichwa chini:
uzito, nambari, neno moja limeliwa nusu na mchwa.
Mchoraji: Ndurya Mwamuye, mpaka rangi wa meli, Kilindini.
Mwaka: sitini na tisa, kwa kukisia.

Nimekaa nayo siku arobaini na moja
ghorofani Ganjoni, juu ya duka la vipuri,
madirisha nimeyafunga kwa sababu ya chumvi.
Chumvi ya Mombasa haibishi hodi;
hupita tundu la ufunguo, hulala ndani ya rangi,
na siku ya jua kali huamka imevimba.
Nimeipima. Nimepima joto na unyevu, asubuhi na alasiri,
nikijaza tarakimu kama karani wa mizani.

Chini ya hadubini, chembe ya upana wa unywele
ni jengo zima: chini kabisa nyekundu ya tumbo la meli,
ile yenye shaba, inayowaua chaza;
juu yake kijivu; juu ya kijivu masizi;
juu ya masizi, buluu ambayo sijui aliipata wapi.

Na yale maduara.
Wasomi wameyaandikia kurasa. Mmoja asema ni jua.
Mwingine, mafunzo ya Ulaya yaliyofika kwa magazeti.
Wa tatu (ndiye mimi, ukurasa wa kumi na nane)
alisema ni mzunguko wa wakati. Akaweka na tanbihi.

Jana Bi Mbodze, mjane wake, akaja kutoka Chaani,
akapanda akipumzika kila baada ya ngazi tatu,
akavua miwani, akaivaa,
akacheka hata leso ikamteleza.
"Jua gani? Hivyo ni vitako vya makopo!"
Nikainama kuandika. Nikasita.
"Lakini hayakuwekwa ovyo. Yeye kasimama kule, mkono kiunoni:
Sogeza. Si hapo. Sogeza tena. Hapo, liache.
Nami nina mimba ya Nyevu, nainama, nainuka, mgongo wauma,
hata nikachoka. La mwisho nikaliweka nipendapo mimi.
Akatazama. Akanyamaza. Akaenda kunawa mikono.
Hakuligusa. Liko wapi?"

Kidole chake kikatafuta kona ya chini, kulia.
Kikatafuta muda.

Nilijua. Jumanne, saa nne, nilikuwa nimeandika:
Doa la mviringo, la kigeni, si la mchoraji. Limeondolewa.
Kwa pamba na mate yangu mwenyewe, maana mate
ndiyo dawa ya upole kuliko zote tulizofundishwa.
Vijiti hamsini na viwili. Nilijisifu kwa subira.

Nikamwambia. Neno laini nililitafuta,
halikuwapo karibu.
Huko chini mtu alikuwa akijaribu honi mpya,
anairudia, anairudia.
Bi Mbodze hakulia wala hakunisamehe.
"Hiyo pamba umeitupa?"
Hatutupi. Imo ndani ya chupa, ina lebo, ina tarehe.
Akaiomba. Akaiinua kwenye taa:
ncha za kijivu, zimebanana kama punje za mtama.
"Basi nawe umelisogeza," akasema.

Maonyesho ni mwezi ujao. Wafadhili wanataka
ukuta mweupe, taa tatu, fremu.
Mimi nimeomba na rafu ndogo, ya upana wa chupa.
Wameuliza, ya nini? Sijajibu bado.

Kwenye kisanduku cha *Mchoraji* pana nafasi ya mstari mmoja.
Nimeandika majina mawili, kwa herufi ndogo, ndogo sana.
La pili limetokeza nje.