Dakika ya Arobaini na Moja

Sheria zilikuwa chache, nasi tulizishika kuliko amri za kanisani:
haiuzwi. Kanda kwa kanda, na stempu ya kurudishia.
Na mwenye kushika rekoda asipige makofi,
asiimbe, asimguse jirani kiwiko kumwambia "umesikia hiyo?"
Awe jiwe lenye masikio.

Mimi nilikuwa Dunedin, kusini kabisa mwa Nyuzilandi,
karani wa bohari ya sufu miaka ishirini na sita.
Bendi kubwa hazikutufikia.
Ziliishia Auckland, zikakunja nyaya, zikapanda ndege.
Matamasha niliyahudhuria kwa posta.

Bahasha ya kaki, wiki saba njiani,
kutoka Saskatoon, Kanada, kwa Walter Hnatiuk, fundi wa lifti,
ambaye sura yake siijui hadi leo.
Niliujua mwandiko: kalamu ya kijani,
herufi ndogo kama punje za mtama,
orodha ya nyimbo, ukumbi, tarehe, aina ya betri,
na pembeni neno lake mwenyewe:
"Besi imezama. Mlevi upande wa kushoto.
Mpiga gitaa ana homa, lakini sikiliza."

Nikasikiliza, mama akigonga ukuta kwa mkongojo.

Kunguru wa Chuma, Regina, mwezi wa Februari,
ndani ya uwanja wa magongo ya barafuni:
maikrofoni ameishonea ndani ya kofia
aliyofumiwa na dada yake.
Mlinzi akampapasa koti, akampapasa buti,
akamwambia, "Kofia nzuri hiyo."
Maneno hayo yamo. Ndiyo yanayofungua kanda.

Nyingine zilinijia nakala ya nakala ya nakala.
Kila mkono ziliopitia uliacha mvumo wake,
hata wimbo ukawa mtu anayesema nami
kupitia mvua ya juu ya bati.
Nikajifunza kuipenda na mvua.

Kanda mia tatu na kumi na mbili.
Ndani yake maelfu wanapiga mayowe,
chupa inavunjika, mwanamke anaita Gordie, Gordie, 
(hajapata kuitikiwa, nimengoja mara nyingi)
mtu anakohoa wimbo wa tatu hadi wa tisa.
Walter tu, aliyewapenda kuliko ukumbi mzima, hayumo.
Kimya chake ndicho kapu lililobeba kelele zote.

Ila Winnipeg, usiku wa mwisho kabla bendi haijavunjika.
Barua ilitangulia: "Samahani sana. Dakika ya arobaini na moja.
Nitakutafutia iliyo safi, ya mtu mwingine."

Sikuitaka iliyo safi.
Dakika ya arobaini na moja ngoma zinashuka,
na karibu, karibu kuliko gitaa,
sauti nene ya mtu asiyejua kuimba
inauwahi ubeti kabla ya mwimbaji,
inakosea neno, inacheka puani, inaendelea.

Kisha bahasha zikakoma.
Likaja kasha la viatu, limefungwa kwa uzi wa sufu,
anwani kwa mwandiko wa mwanamke. Ndani, kofia.

Mwaka huu Rāwiri, kijana wa jirani,
ameziingiza zote kwenye kompyuta.
Aliniita kwa fahari: sikiliza, shangazi, kama jana!
Kweli. Mvumo umekwenda. Kikohozi kimekwenda.
Winnipeg nayo: ngoma, mwimbaji,
na shimo lenye kimo cha mtu.

"Rudisha," nikamwambia.
"Nirudishe nini?"
"Uchafu. Wote."

Alirudisha, akinung'unika. Baadaye akauliza
tutaziuza bei gani, ikabidi aketi chini
nimsomee sheria tangu ya kwanza.

Kesho Winnipeg inakwenda Tampere,
kwa msichana ambaye bendi ilikufa kabla hajazaliwa.
Nimenunua kalamu ya kijani. Nimemwandikia pembeni:
Besi imezama kidogo.
Ikifika dakika ya arobaini na moja, ongeza sauti.