Vifungo Kumi na Kimoja

Anzia chini, Baltazar. Kila mara anzia chini.
Anayeanzia shingoni hufika kiunoni
kifungo kimebaki, tundu hakuna,
na tarumbeta imeshalia.
Viko kumi na kimoja, shaba tupu,
nimevisugua kwa majivu na limau.
Majivu ya jiko langu, usinitazame hivyo.

Vuta pumzi. Ishikilie. Sasa kulabu ya kola:
vidole viwili vipite kati ya kitambaa na koo.
Kimoja ni kujinyonga, vitatu ni uzembe.
Bizimu ya mkanda ifuate mstari wa vifungo.
Suruali nyeupe haikaliwi.
Kwenye basi la kutoka Collico utasimama,
hata viti vyote vikiwa vitupu,
hata dereva akikucheka.

Mifuko nimeishona. Ndiyo, yote.
Mkono mfukoni ni wa mtu anayesubiri samaki akaangwe.

Medali hukaa kushoto. Wewe huna bado;
acha pawe patupu, usipapase.
Helmeti kwapani, nembo itazame mbele.
Usiioshe ndani. Ile harufu ya kiwanda cha mbao
iache humohumo, mkaguzi hana pua.

Hernaldo Briceño,
miaka thelathini na minne katika Kampani ya Tatu,
hakuvaa hivi hata siku moja.
Kifungo cha nne alikipoteza mwaka wa mafuriko,
akashona cha koti la mkewe, cheusi, cha mfupa,
akaapa hakuna atakayekiona.
Tulikiona wote.
Kapteni alikiona kila gwaride,
na kila gwaride, akimkaribia, chafya ilimjia.
Na mifukoni maganda ya machenza, maganda, maganda,
mpaka bitana ikawa na rangi yake.

Jana kijana wa chumba cha maiti aliniletea mkasi.
"Koti hupasuliwa mgongoni, mama,
ndivyo tunavyowavalisha wote."
Nikamwambia, rudisha mkasi wako.
Tulimwinua, mimi na Rosamel,
mkono mmoja, kisha wa pili,
kama unavyomvalisha mtoto aliyepitiwa na usingizi safarini,
mzito vile, mtiifu vile.
Nikaanzia chini.
Cha nne nilikuwa nimeshashona kipya, cha shaba.
Nikapima shingo kwa vidole viwili,
ingawa hakuna pumzi ya kuachiwa nafasi.
Kisha nikarudi nyuma hatua tatu, kama mkaguzi,
nikamtazama,
na sikumtambua.

Kanuni ziko wazi. Mimi mwenyewe
ndiye niliyezipiga chapa upya mwaka juzi,
kurasa tisa, na picha.
Kifungo cheusi kilikuwa kwenye kiganja changu,
na sindano nilikuwa nayo, siku zote ninayo.
Basi usiniulize.
Utakapopita kando ya jeneza macho yawe mbele,
kidevu juu,
na usihesabu.

Usiku tutatoka na mienge.
Ndiyo, sisi, tulioapa kuuzima,
leo tutaubeba mkononi
kutoka kituoni hadi makaburini, hatua za polepole,
na mvua hii ya Valdivia isiyomheshimu mtu
haitauzima. Nimeloweka tambi siku mbili.

Utavaa glavu nyeupe. Nta itadondoka juu yake.
Usitikise mkono, usiifute,
ukiifuta inaingia ndani ya uzi.
Itakuchoma kidogo. Endelea kutembea.
Asubuhi niletee:
karatasi chini, karatasi juu, halafu pasi,
na nta yote inahamia kwenye karatasi.
Karibu yote.

Haya. Geuka
nikuone mgongo.