Neno la Tatu

Makala nzima ilikuwa sentensi moja:
Megatheri ni mvivu mkubwa aliyekufa zamani.
Maneno sita. Picha hakuna, rejeo hakuna.
Kamusi elezo yetu ilimzika bila sanda.

Tukuyu, saa saba usiku. Mvua
haijabanduka batini tangu Jumapili.
Nimevaa soksi za shule za mwanangu,
bando linakata saa kumi na moja.

Naanza na vyepesi.
Aliyekufa nafuta, naandika aliyetoweka,
maana anayekufa huacha wa kumlilia,
kutoweka ni msiba usio na mfiwa.
Zamani, lini? Miaka kama elfu kumi na mbili.
Mkubwa, kama nani? Kama tembo,
kucha mithili ya mundu wa kukatia majani ya ng'ombe,
na akisimama kwa miguu ya nyuma, akauegemea mkia,
angechungulia dirisha la juu la kanisa letu pale Kiwira.
Hiyo ya kanisa naifuta.
Aliishi Amerika ya Kusini, hakuijua Rungwe,
wala Rungwe haikumjua.

Limebaki neno la tatu.

Jina si lake. Ni la jamaa yake mdogo
anayening'inia mitini huko hadi leo;
wakampachika marehemu,
kama babu anayedaiwa deni la mjukuu.
Na huyu, wanasema, alichimba mapango
unayoweza kupita umesimama wima
(rejeo ninalo, namba nne).

Baba yangu, Asajile, alichuma chai miaka kumi na tisa.
Wa ishirini akawa anasimama katikati ya mstari,
mkono kifuani,
kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani.
Mnyapara akaandika kwa wino mwekundu,
mbele ya jina lake: mvivu.
Picha ya kifua ilikuja baadaye kutoka Mbeya,
pafu moja limejaa ukungu, kama Juni.
Daftari lile hakuna aliyelihariri.

Akarudi nyumbani akapanda miparachichi.
Shimo moja kwa wiki. Anachimba, anakaa,
anachimba.
Siku hizi malori yenye majokofu
yanapiga honi getini kwetu.

Wapo wanaokisia,
nami nimeandika hivyo hivyo, wapo wanaokisia,
kwamba kokwa la parachichi lilinenepa vile
likingoja koo la mnyama kama huyu:
alimeze zima, atembee nalo siku mbili,
alitue mbali, na mbolea yake juu.
Koo limetoweka. Kokwa halijapewa taarifa.
Liko hapa mezani, kwenye sahani ya jana,
bado na alama za meno ya mwanangu,
linangoja.

Nafuta mvivu.
Naweka mnyama.
Neno dogo, halimsifu wala halimsimangi.
Panapoulizwa sababu ya badiliko
naandika: kosa la siku nyingi.
Akija mtu akalirudisha, nitalifuta.
Akilirudisha tena, ajue huku mvua ni nyingi
na usiku ni mrefu.

Hifadhi.
Kiduara kinazunguka,
mtandao wa mlimani, kinazunguka,
kinasimama kidogo, kama kinavuta pumzi,
kinazunguka.
Nakaa nacho. Sikisemi vibaya.