Kunguru wa Darasa la Sita

Miaka ishirini na miwili nimelilisha tanuri
la shule ya At-Bashi kwa sepetu,
toroli arubaini za makaa kwa siku,
Januari arubaini na tano,
na bado watoto waliandika wamevaa glavu,
wino ukiganda kalamuni.

Nilidhani napasha joto madarasa.
Kumbe napasha milima.

Kunguru walijua kabla yetu.
Kila alfajiri walijipanga juu ya darasa la sita,
pale tu, si pengine,
kucha zao kwenye bati lililolowa,
theluji ikiwayeyukia miguuni.
Nikasema, hawa ndege wanapenda shule.

Ndipo Mwalimu Jiparkul, wa fizikia,
akashuka ukumbini na mshumaa mmoja
na watoto kumi na wanane nyuma yake,
wananyata kama wezi wa kuku.
Akaupitisha kando ya dirisha: ulimi wa moto ukainama.
Chini ya mlango ukainama.
Kwenye tundu la soketi ukainama, ukazima.
Kila ulipoinama, Satar mdogo alitia alama ya chaki.
Kufikia adhuhuri
ukuta ulikuwa na surua.

"Turdubek," akaniambia, "joto halikosekani.
Linatoroka."

Niliudhika. Nani apende kuambiwa
kwamba ujana wake wote
ameteka maji kwa pakacha?
Husemwa usipoziba ufa utajenga ukuta.
Sisi ukuta tulikuwa nao,
ila ulikuwa ukuta wa jina.

Kiangazi tukapanda darini na sufu,
ile ngumu, ya kondoo wa huku,
ambayo wachuuzi huitazama na kucheka.
Kina mama waliifua mtoni, wakaichapa kwa fito.
Bibi Ulkan alileta gunia
la kondoo wake aliyekufa Machi.
Akasema: huyu naye aende shule.
Madirisha yakapata kioo cha pili.
Nilipiga misumari mpaka kidole gumba kikawa cheusi,
nikiziba, kwa mkono wangu mwenyewe,
kazi yangu.

Maana hesabu ni hesabu.
Baridi hii: toroli kumi na tisa.
Mgongo wangu unashukuru, mfuko wangu unauliza.
Nilimwendea mkuu wa shule:
nusu ya makaa, je, ni nusu ya mshahara?
Akasema kamati itakaa.
Kamati haijakaa.

Wiki hii theluji imelala paani nzima,
nyeupe kutoka ncha hadi ncha,
haina hata kovu.
Kunguru wamehamia kwa mwoka mikate.
Ila jana nilimkuta mmoja, pale pale pa zamani,
anainua mguu huu, anashusha huu,
kama mtu aliyerudi nyumba ikiwa imeuzwa.

Nikamrushia ganda la mkate.
Tulitazamana kidogo, wafanyakazi wawili.
Nyuma ya vioo viwili, bila sauti,
Satar alikuwa akivua glavu,
kidole kimoja kimoja, kwa meno.