Si Sifuri

Oulu, Januari, saa nne asubuhi na bado giza.
Harufu ya kiwanda cha karatasi imelala juu ya mto
na mto wenyewe umelala, mgumu kama meza.
Mama anahesabu jikoni.
Si fedha; fedha zetu hazichukui asubuhi nzima.
Anaandika nyuma ya ankara ambazo Baba huzileta toka kiwandani,
nami, miaka minane, nazishika zisipeperuke
kila baridi inapoingia bila hodi.

"Ipo fanksheni," aliniambia,
"inaishi kwenye bapa la namba changamano
kama ukungu juu ya uwanda.
Ipe namba yenye ukoo,
iliyozaliwa na mlinganyo wa namba nzima.
Itakurudishia nini? Mgeni, nasema mimi.
Namba ambayo hakuna mlinganyo utakaoiita mwanangu.
Pitilizi.
Lakini kusema si kuthibitisha."

Basi akaanza kwa uongo, ndiyo desturi ya watu wake:
tuseme mgeni ana ukoo. Tuseme.
Akamkaribisha, akamkalisha, akamtegea.

Mtego ulikuwa polinomia ndefu,
na vipimo vyake alivipata kwa hoja ya glavu:
glavu kumi na moja, misumari kumi,
lazima msumari mmoja ubebe mbili.
(Nilikwenda mlangoni kuhakikisha. Ulibeba.)
Zipi? Hakujua, wala hakujali. Zipo, inatosha.

Akaipigilia sifuri, sifuri juu ya sifuri,
kama mtu anayekaza hema lisichukuliwe na upepo,
hadi duara zima likashindwa kunyanyuka.
Ikawa ndogo kuliko pumzi kwenye kioo.
Kisha akazidisha hapa, akafuta vigawanyo pale,
ikatoka namba nzima
ndogo kuliko moja.

"Kati ya sifuri na moja," aligonga meza kwa penseli,
"hakuna mlango, hakuna hata ufa.
Namba nzima haipo nusu. Ipo, au haipo."

Hapo akakwama. Miezi kumi na minne.
Maana huenda ikawa sifuri,
na ikiwa sifuri, mtego umekamata hewa,
na mgeni anaondoka na ukoo wake wa kughushi
akituaga kwa adabu.

Machi akaja karani wa sensa, bwana Pelttari,
kofia mkononi, theluji ya buti ikiyeyuka zuliani.
"Watoto wangapi?"
"Mmoja," alisema Baba.
"Wawili," alisema Mama, kichwa bado kwenye ankara.
Karani akaangalia vitanda.
"Saima aliishi siku mbili. Novemba ya mwaka juzi. Andika."
"Fomu inataka walio hai, bibi."
"Basi andika pembeni."

Akaandika pembeni, herufi ndogo sana,
ndogo, lakini si haba.
Baba akatoka kupasua kuni
ambazo zilikuwa zimekwisha pasuliwa.

Ningependa kusema usiku ule ndipo njia ilipofunguka.
Ilifunguka Agosti, kinamasini,
ndoo yake nusu ya matunda ya manjano, mbu wakimla shingo.
Akasimama. Akasema peke yake:
ikiwa sifuri hapa, nasogea nukta ya pili;
ikiwa sifuri pale, nasogea ya tatu.
Kitu kilichopo hakiwezi kunyamaza kila mahali.
Kitafika pahala, kitakataa.
Akakaa chini palepale, kwenye maji.

Zilikuwa kurasa sita. Mhakiki kutoka Uppsala
alilalamikia koma tatu na mwandiko.

Ankara moja ninayo hadi leo.
Upande huu: tani arobaini na mbili, karatasi ya magazeti,
imelipwa.
Upande ule, chini kabisa: *kwa hiyo si sifuri*,
na penseli imekandamizwa mno hata ikatoboa,
ukiinua dirishani
mwanga unapita katikati ya bei.